Dudu la Juu ya Kabati

Sidi alimwamkia Bi Jalila shikamoo, akaketi kando yake, na feri haijafika kati alishamweleza kuwa mumewe ni askari na bastola yake hukaa juu ya kabati. Kwenye feri siri haitaki urafiki, yataka kiti tu.

"Mtoto wetu ana miaka minne," alisema Sidi. "Nimemwambia kule juu kuna dudu, asiliguse."

"Na dudu kwenu hufanywaje, mwanangu?"

"Hupigwa kandambili," alijibu Sidi. " Jana nimemkuta kapanda kiti, kandambili mkononi."

Abiria wa nyuma alicheka. Bi Jalila hakucheka. "Mwambie ni bunduki, na huua. Akiiona asiguse, aje akuite. Na babake aifungie kwa kufuli, risasi mbali nayo."

"Nikiitaja, bibi, ataitangaza mtaa mzima. Wezi nao wana masikio."

"Mwizi hapigi dudu kwa kandambili."

"Huwajui wezi wa Mtongwe."

Feri ikagusa ng'ambo, watu wakainuka. "Leo umemwacha na nani?" aliuliza Bi Jalila.

"Na babake. Ametoka zamu, kalala."

Watu wakamiminika nje. Sidi alibaki palepale, simu sikioni, ikiita bila kupokewa.