Mjomba wa Baridi na Gesi Iliyotokea Paani

Mjomba wa Baridi, kama sote tunavyomwita, anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kutunza gesi ya heliamu katika maabara yetu. Wasifu huu ulipaswa kuandikwa na mfanyakazi mwenzake, lakini wenzake wakasukumiana weee, mwishowe mama yangu, mhazili wa hapa, akanitaja mimi. Nikitoka shule humsubiri mama chumbani kwa Mjomba. Ninasoma kwa lugha mbili na ninanyamaza kwa zote mbili. Mjomba hajawahi kuniuliza kwa nini.

Alianza kwa kubeba mitungi. Baadaye ndiye aliyeweka bomba linalorudisha gesi kwenye mfuko mkubwa, ipoozwe tena hadi iwe kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Akishusha nyuzi mbili zaidi, kimiminika hupanda kuta za chombo na kutoka chenyewe. Wageni wakishangaa, huwaambia kimezoea kutoroka kazini mapema.

Alinifundisha kwamba kiini cha heliamu kina protoni mbili na nyutroni mbili, kimetulia, hakivunjiki. Gesi hiyo nyingi ilizaliwa dakika za mwanzo za ulimwengu. Hii yetu ilitoka ndani ya miamba, madini ya urani na thori yakimeguka polepole kwa mamilioni ya miaka. Haiungani na kitu. Haiposi wala haiposwi, alisema, kama yeye. Nilicheka, kisha tukaendelea kula mkate, kila mtu upande wake wa meza.

Daftari lake linaonyesha gesi ilimpotea mara moja tu, mwaka juzi. Majaribio yalisimama miezi miwili. Mkuu wa maabara alipouliza, Mjomba alijibu, "Mkono wangu huo." Mafundi wakamtania kwamba uzee umebisha hodi, akacheka nao.

Haukuwa mkono wake. Siku ile niliomba nifunge mitambo ya jioni mimi, nikafungua koki ya paani, inayoitoa gesi nje, badala ya ile ya bomba la kuirudisha. Mfuko ukanywea wote. Gesi hiyo ni nyepesi mno, hata dunia haiwezi kuishika. Mjomba alinikuta bado nimeishika koki ile. Akauweka mkono wangu kwenye koki sahihi.

"Ni hii. Kesho utafunga wewe tena."

Nimefunga kila siku tangu hapo, na sijamwambia mtu.

Naomba daftari lirekebishwe: miaka thelathini na moja, Mjomba hajapoteza hata mfuko mmoja.

Asante, Mjomba. Sote tunakutakia afya na mapumziko marefu. Gesi niliyoiachia haitarudi. Wewe njia ya kurudi unaijua, na upande wako wa meza sitauwekea vitabu.