Mzee Protase Akabidhi Bendera Nyekundu

Mzee Protase Kagaruki anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kikosi chetu cha matengenezo ya barabara ya Bukoba hadi Muleba. Mimi Jovina, mpishi wa kikosi, nimeombwa niandike kwa sababu nimempikia uji miaka kumi na minne. Shule sikufika mbali, mnivumilie.

Alianza kwa kufyeka majani, akaja kuziba mashimo, mwisho akawa mshika bendera, yule anayesimama mbele ya kazi ili magari yapunguze mwendo. Kwa uji hana mpinzani. Kikombe cha tatu husema ni cha bendera.

Lakini niseme ukweli, tumechoka. Malori hayapunguzi mwendo. Mwaka juzi koni zetu za kuonya magari ziliibiwa, tukakata migomba tukaisimika kando ya barabara iwe alama. Sasa huku kwetu migomba ikisimikwa njiani ni harusi, au anakuja mgeni mkubwa. Dereva wa lori akaona sherehe, akapiga honi ya kupongeza, akaja na mwendo uleule mpaka akalivaa greda letu. Dastan aliyekuwa analiendesha alivunjika mguu, hadi leo anachechemea. Dereva alishuka, akauliza, "Kwani si harusi, jamani waitu?" Siku ile hakuna aliyecheka. Siku hizi tunacheka, ila mpaka Dastan aanze.

Tangu hapo Mzee akakataa migomba kabisa. Kila asubuhi alihesabu hatua mia tatu kutoka kwenye greda, ndipo akasimama. Wenzake walimtania, "Mzee, unakwenda Bukoba kwa miguu?" Naye, "Lori linatoka huko, acha tukutane mapema." Toka siku hiyo hajagongwa mtu.

Jumatatu bendera anaishika binti yangu, Hellen. Usingizi sina. Juzi Mzee alitembea naye barabarani, akaona hatua zake ni fupi. Akamwambia, "Mwanangu, wewe hesabu mia nne." Nilikuwa nakoroga uji, nikageukia pembeni nikafuta macho kwa kitenge.

Wakola waitu, Mzee, ahsante sana. Nenda nyumbani Izigo ukapalilie kahawa yako, Mungu akupe afya na siku nyingi za kukaa. Hellen atakupigia simu kila jioni, akisharudi.