Nani Aliyeng'oa Mkoma wa Mpaka

Kijiwe cha Bahiya kiko kando ya stendi ya Garsen: benchi mbili za mbao na birika la kahawa juu ya jiko la makaa. Jana wanafunzi wa sekondari waliigiza tamthilia ya kale ya wana wawili wa mfalme. Mdogo alimtilia mkubwa sumu, akiamini ndiye aliyeficha upanga wa baba yao. Leo kijiwe kizima ni mahakimu. Job, atunzaye daftari la ukoo wake, aliketi benchi ya kwanza akinywa kahawa. Kwenye benchi ya pili aliketi Tuneya, mwana wa baba yake mkubwa. Tangu mafuriko ya mwaka tisini na saba, baba zao walipogombania mpaka wa shamba kule Minjila, uliowekewa alama ya mti wa mkoma, nyumba hizo mbili husalimiana matangani tu. Na Jumamosi Charity, binti wa Job, ataposwa, na kiti cha baba mkubwa wa binti, ambacho ni haki ya Tuneya, bado hakina mtu.

— Yule mdogo alitaka ufalme, bana, alisema Ubeid, aitwaye Spika kwa sababu hakatiziki.

— Ufalme gani? Chanjo, muuza dawa za ng'ombe, alimcheka. Ni mama. Hukuona mkubwa akipakuliwa nyama kwanza?

— Ule ulikuwa muhogo. Shule itoe wapi nyama?

— Muhogo au nyama, roho ilimuuma.

— Basi nikwambie: mfalme hakufa! Alijificha nyuma ya pazia aone nani atamlilia.

— Akaacha wanawe wauane?

— Alisinzia. Umri, ndugu yangu.

Benchi zote mbili zikacheka, hata Tuneya. Job hakucheka. Katika daftari la ukoo, kwa mwandiko wake mwenyewe, kuna mstari huu: “Maji yaliposhuka, baba mkubwa aling'oa mkoma wa mpaka.” Aliandika alivyosimuliwa na babake. Yeye hakuona.

Lavender, muuguzi aliyehamia mjini wiki hiyo kutoka Wenje, alikuwa akingoja kahawa yake.

— Samahani, wazee. Kwani yule mdogo alimuuliza kakake kama ameuficha huo upanga?

Bahiya alimkabidhi muuguzi kikombe chake.

— Hakumuuliza, alisema Bahiya. Nilikaa mpaka mwisho.

Job aliweka chini kikombe chake kitupu.

— Kaka Tuneya. Baba mkubwa aling'oa ule mkoma?

Tuneya aligeuka polepole.

— Baba? Alikufa akisema ni babako aliyeung'oa.

— Babangu alikuwa amelazwa hospitalini mwezi mzima. Aliporudi alikuta shimo.

— Hata sisi tulikuta shimo. Maji yalipopanda tulikimbilia kambini, kule barabarani. Tulirudi siku moja na nyinyi.

— Basi shambani alibaki nani?

Tuneya alinyoosha kidole upande wa Minjila.

— Mto.

Job alihisi mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia la mpunga. Mstari mmoja tu wa kufuta, na alikuwa ameutunza daftarini miaka yote hiyo kwa wino mzuri.

— Jumamosi ni saa ngapi? Tuneya aliuliza.

— Saa nne. Kamili.

— Wewe na kamili zako!

Bahiya alipindua birika. Tone moja likadondoka majivuni.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Tuneya alisogeza kikombe chake, ambacho kilikuwa bado nusu, mpaka mbele ya Job.