Historia ya Mzee Pasi, Aliyerudisha Kila Kitu

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, anayesimama kuwasomea historia ya baba yetu ni mtoto wake wa pili, na kwa kuwa baadhi yenu mmeanza kutazamana, niseme mapema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenichagua, na sikai chini mpaka nimalize.

Baba yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mzee Pasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji kilicho ng'ambo ya mto, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, na huko, alivyotusimulia, alichapwa siku moja tu, tena kwa kosa la mwenzake, akanyamaza kimya akiamini kwamba fimbo hizo zitawekwa akiba kwa siku atakayokosa yeye.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa kuwa dobi katika hospitali kuu, kwenye kile chumba cha nyuma chenye mvuke na sakafu isiyokauka, akafua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa hadi alipostaafu mwaka 2011, na wenzake walioko hapa ni mashahidi kwamba shuka lenye mkunjo mmoja alilirudisha kwenye maji, hata kama mgonjwa anasubiri juu ya godoro tupu.

Alifunga ndoa na mama yetu Jumamosi tarehe 6 Agosti 1977, na mama, aliyetutangulia mwaka 2009, alikuwa akisema ameolewa na mtu asiyepewa kitu, maana chumvi ya kuazima ilirudi kwa jirani imejaa kuliko ilivyokuja, na mwavuli aliotuazima mama wa nyumba ya pili siku ya mvua aliurudisha umefuliwa na kupigwa pasi, ukawa haufunguki tena. Kwa Mungu alikuwa hivyo hivyo, alifunga kila Ijumaa, akifoka nyumbani anaongeza na Jumatano, akawa mzee wa kanisa, na hata nyimbo aliziimba kama mtu anayemalizia kazi.

Walijaliwa watoto wanne. Karatasi mliyogawiwa mlangoni inasema watatu, na kamati imeniambia ni makosa ya uchapaji, ila makosa ya uchapaji hayana kawaida ya kuchagua mtoto, kwa hiyo mwenye kalamu na arekebishe, ni wanne, na mjukuu wake mkubwa ni binti yangu aliyekaa pale mbele, niliyemzaa mwaka 1999 bila ndoa, kanisa likanitenga, na baba akanitoa nyumbani kabla hajaombwa na mtu. Sisemi haya kumchafua, aliniagiza niyaseme.

Tarehe 9 Februari 2021 alipata kiharusi kilichopoozesha upande wake wa kulia, na mkono wa pasi ndio uliotangulia kufa ganzi, ndugu zangu walikuwa mbali na kazi zao, nikarudi mimi, nikawa namwogesha na kufua mashuka yake, ambayo haikupita asubuhi bila kuhitaji kufuliwa, naye akalia kwa aibu. Akaagiza nipewe kabati la mama kama ujira, nikalirudisha, akaagiza nipewe cherehani, nikairudisha, akaniuliza kwa ulimi mzito, “Sasa nikupe nini, mwanangu?” nikamjibu, “Usinipe kitu, Baba, mimi si kibarua wako,” akanuna wiki nzima. Kisha asubuhi moja nikitandika, pembe ya shuka ikabaki na mkunjo, nikataka kuinyoosha kwa vile namjua, akasema, “Acha hivyo hivyo,” halafu akasema asante, neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake bila “nitarudisha” nyuma yake, akacheka mpaka akakohoa, akasema, “Kumbe miaka yote hii nilikuwa namrudishia Mungu mwavuli.”

Mwaka jana wazee wa kanisa walikuja kumwona, wakamsifu kuwa mtu wa haki, kisha wakamweleza kwamba nikitaka kuhesabiwa kati ya watoto wake siku ya mazishi sharti kwanza nisimame kanisani nitubu, naye akawajibu, mimi nikiwa mlangoni nimeshika chai yao, “Huyu alishatubu mwaka ule ule, jikoni kwangu, amepiga magoti, nikajifanya sikusikia. Mkitaka wa kutubu mbele ya watu, nibebeni mimi, na historia yangu atasoma huyu.” Siku ile hawakumbeba. Leo wamembeba.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, asubuhi, juu ya shuka ambalo sikulipiga pasi. Karatasi inasema alijitaabisha mpaka akaistahili mbingu, futeni na hilo pia, alijitaabisha kweli, kukamchosha, kukatuchosha na sisi, na mbinguni kama ameingia, nami nasema ameingia, basi ameingia kwa kubebwa, kama alivyokuwa akiingia bafuni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, wenzake wa chumba cha kufulia, majirani mlioleta maji na viti, na mama wa mwavuli, ambaye yuko nasi. Mmezoea kusikia kwamba hatuna cha kuwalipa, Mungu atawalipa, lakini baba alinikataza, alisema huko ni kurudisha mwavuli kwa mkono wa mwingine, kwa hiyo asanteni, basi. Nanyi wazee wa kanisa, ambao hadi asubuhi hii mlitaka nikae, asanteni pia, na yenu ni bure kama ya wengine.

Baba, weka pasi chini. Pumzika kwa amani.