Mama Aliyesema Nimeua

Wasikilizaji wapendwa, mama yetu amekufa.

Najua mmezoea kunisikia nikisema ametutoka, ametangulia, amelala. Nilikuwa nimeshaandika hivyo kwenye simu yangu, mistari mitamu kabisa. Binti yake akaisoma, akanirudishia simu. "Kaka, futa hii. Mama alituambia siku yake ikifika tusimlaze. Tuseme amekufa." Basi nimefuta. Mama amekufa, na juzi tumemzika.

Kama hujajua namzungumzia nani, ni yule mama mpiga bunduki wa ofisi ya wanyamapori. Mrefu, mkimya, anavaa viatu vya kiume vya ngozi. Mnyama akivamia shamba au akiingia kwenye banda la mtu, anayeitwa ni yeye. Mitaani tulimwita Mama Shabaha. Kazini walimwita Muuaji. Hilo la pili lina kisa chake, na kisa chenyewe ndicho kilichonileta hapa leo.

Niliwahi kwenda kukaa na wenzake kwenye chumba chao cha zamu. Chumba kidogo, benchi moja, kabati la chuma la bunduki, ukutani kalenda ya mwaka uliopita. Nimeshika simu yangu, narekodi. Nikagundua kitu. Kwenye chumba kile kilichojaa risasi, hakuna mtu anayeua. Nguruwe mwitu wamepunguzwa, utadhani ni bei ya sabuni. Nyani wamedhibitiwa. Fisi ameondolewa. Nyati kalazwa, utadhani ni mtoto kasumbua mchana kutwa. Nikamuuliza mmoja, kwani nyinyi hamuui? Akanitazama kama nimemtukana mama yake mzazi. Akasema, "Dogo, hapa tunafanya kazi. Kuua wanaua majambazi."

Na wana mtindo wao. Mpigaji akishapiga, haendi kwa mnyama. Anageuka, anarudi kwenye gari, anamiminiwa chai kwenye kifuniko cha chupa. Anayekwenda ni mtu wa pili. Anaangalia, anafunika na turubai, anarudi na maneno mawili tu: "Kazi imekwisha." Mpigaji haulizi. Wa pili haelezi. Wakimaliza chai, wanaondoka.

Mtu wa pili wa Mama Shabaha ni mzee mmoja anaitwa Turubai, na sasa mnajua kwa nini. Miaka yote walifanya kazi hivyo. Mama anapiga, Turubai anakwenda.

Mpaka siku moja Turubai akateleza kwenye mtaro, kifundo cha mguu kikavimba kama embe. Wamefuata fisi aliyekuwa anaingia kwenye mabanda ya kuku. Mama kapiga. Fisi kaanguka nyuma ya kichaka. Turubai yuko kwenye gari, mguu juu ya dashibodi, hawezi hata kushuka. Ikabidi mama aende mwenyewe.

Fisi hakuwa amekufa. Alikuwa anapumua, anamwangalia. Mama alimwambia binti yake baadaye, "Nilitegemea anione kama adui. Aliniangalia kama mtu aliyemkuta njiani." Akammalizia, akakaa chini pembeni yake mpaka macho yakawa kioo. Kisha akarudi kwenye gari, akachukua redio ya mkononi.

"Bosi, nimemuua."

Bosi akasema, "Sema kazi imekwisha."

"Sawa, imekwisha. Na nimemuua."

Toka siku hiyo kila mnyama alimwendea mwenyewe, na kila mara alisema hivyo hivyo. Nimeua. Wenzake kwanza walicheka, baadaye wakakasirika, baadaye wakamzoea. Mpika chai wa ofisi alikuwa anamuuliza mbele ya wageni, "Muuaji, sukari vijiko vingapi?" Naye anajibu bila hata kugeuka, "Viwili, na maziwa."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike penye mwiba.

Mama alipougua moyo, bunduki yake alikabidhiwa binti yake. Binti huyu niko naye hapa studio, amekaa mbele yangu, kanga ya msiba bado iko mabegani. Ameajiriwa juzijuzi tu, bado yuko kwenye muda wa kujaribiwa. Na kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa chui.

Chui huyo mnamjua. Ndiye aliyekuwa anabeba mbuzi kule pembezoni mwa mji. Wenye mabanda walikuwa wanaoneshana nyayo zake: mguu wa mbele hauna kidole kimoja. Binti akamvizia korongoni, jioni jua likiwa bado lipo. Chui akatokea, binti akapiga, chui akaanguka. Binti akageuka, akarudi kwenye gari. Akamiminiwa chai. Turubai akaenda, akarudi.

"Kazi imekwisha."

Kesho yake ofisi ikatoa tangazo: tatizo la chui limeondolewa, wananchi waishi kwa amani. Tangazo hilo lilisomwa na redio hii. Nililisoma mimi.

Jioni binti akaenda kumkanda mama miguu. Mazungumzo yao kanisimulia mwenyewe.

"Habari za kazi, mwanangu?"

"Nzuri, mama. Nimemaliza ile ya chui."

"Umemfanya nini?"

"Nimemwondoa."

"Umempeleka wapi?"

Binti akacheka. Mama hakucheka.

"Mama, pumzika bwana. Daktari kasema usijichoshe."

"Ulimwendea?"

"Turubai alikwenda."

"Basi nenda kamuulize Turubai. Halafu uje uniambie umefanya nini."

Turubai ameniletea sauti yake kwenye simu. Naiweka karibu na maiki, sikilizeni.

"Mimi niliona, mjukuu wangu. Vidole vyote vipo. Halafu jike, na maziwa yamejaa. Kwa hiyo si yule, na watoto wako mahali. Lakini kazi yangu mimi ni kusema imekwisha. Nikasema. Bi mkubwa, mama yake binti, aliponiita, nikamweleza yote. Yule huwezi kumdanganya, anakuangalia viatu tu anajua umetoka wapi. Akaniambia, usimwambie mtu, mwache mtoto aje aseme mwenyewe. Binti alipokuja kuniuliza, naye nikamweleza. Nimezeeka vibaya, mjukuu wangu. Ningesema palepale kwenye gari."

Kwa hiyo binti alijua. Alijua kwamba chui aliyemuua siye. Alijua mwenye kidole pungufu bado anatembea na watu wameacha kufunga mabanda. Na kule ofisini bosi ameshampa mkono mbele ya watu wote, amemwambia mtoto wa nyoka ni nyoka.

Nikamuuliza, dada, kwa mama ulirudi?

"Kila jioni. Namkanda miguu, nambadilishia shuka. Naye ananiuliza, umefanya nini? Mimi namwambia godoro limebonyea, kesho nitaligeuza. Namwambia jirani kapaka rangi ukuta. Kila siku nina habari. Halafu akaacha kuniuliza. Tukawa tunaongea habari za godoro wote wawili."

Akaivuta kanga mabegani.

"Nilikuwa nimepanga kumwambia. Kila nikifika mlangoni nimeshapanga. Asubuhi moja nimekwenda na shuka safi, nikamkuta amekufa. Sikuwahi kumwambia. Watu msibani wananiambia mama yako kaondoka na amani. Mimi najua kaondoka na nini."

Wasikilizaji wapendwa, narudia ili asiachwe mtu. Chui aliyeuawa siye aliyekuwa anakula mbuzi. Lakini hayo si yangu kusema. Binti ameomba maiki. Dada, karibu.

"Asante, kaka. Mimi ni mtoto wa Mama Shabaha. Nilimuua chui jike aliyekuwa ananyonyesha. Nilimuua mimi, si ofisi. Sikumwendea, nilikaa kwenye gari nikanywa chai. Anayekula mbuzi zenu bado yupo. Nimelijua hilo siku nyingi nikakaa kimya, niliogopa kazi. Naomba jioni hii fungeni mabanda, watoto wasikae nje. Kesho naingia korongoni na mzee Turubai kutafuta wale watoto wa chui, kama wako hai. Mama, nimeua. Hayo tu."

Nikamuuliza kama bosi anajua.

"Nimempigia hapo nje kabla sijaingia. Amekata simu."

Basi. Kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa binti, kwa mzee Turubai, kwa ofisi nzima ya wanyamapori, hata kwa bosi aliyekata simu. Pole kwa ndugu na majirani wote wa marehemu. Na wewe unayenisikiliza, ukiwa jikoni, ukiwa dukani, kaa kidogo ujiulize. Kuna jambo umelifanya ukaliita jina laini ili uweze kulala? Nani anangoja ulitaje? Huyo bado anakuuliza, au ameshaanza kuzungumza nawe habari za godoro?

Simu yangu inatetemeka mezani tangu binti aliposhika maiki. Wengi mnasema mnafunga mabanda, shukrani. Wengine mmemtukana, na hayo nayo ameyasoma, nimempa simu mwenyewe. Kuna ujumbe mmoja ametaka niusome hewani, neno kwa neno, bila kulainisha. Unasema hivi:

"Baada ya lile tangazo lenu, mbuzi wangu wawili walipotea. Nikasema chui si ameshaondolewa, basi huyu ni mbwa wa jirani. Nikampa sumu. Mwenyewe anamtafuta mpaka leo, na mimi namsaidia kumtafuta. Ndiyo natoka, nakwenda kumgongea mlango. Nilimuua mbwa wake."