Wimbo Uliotoka Mbari

Wazee wote, shikamooni. Vijana wenzangu, mambo. Mchungaji amenikazia macho, maana mara ya mwisho nilipopewa maikrofoni hapa kanisani nilitangaza ndoa ya watu ambao hawajaposana. Leo sina utani. Haya, ninao kidogo. Lakini nimeudhika, na mpaka naongea hapa bado nimeudhika, kwa hiyo mtanivumilia.

Ndugu zangu, mnajua mimi si mwimbaji. Nikiimba, mbuzi wa kijiji cha Kisaka wanadhani fisi kaingia. Kazi yangu ni kusimamia watunzi. Shuleni kwetu mwenye wimbo kichwani ananiletea, tunaukarabati nyuma ya maabara, tunaurekodi kwa simu, halafu mimi nautafutia kwaya au studio. Wenzangu waliniita Mkurugenzi. Mkurugenzi wa soksi moja.

Mtunzi wangu bora ni dada mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa hapa hapa Ringwani. Simtaji, ana aibu. Alitunga hivi:

Nimetoka mbari, nimereta habari,
Jua ni kari, moyo ni shwari,
Sina mari, naendereza safari.

Msicheke! Nusu yenu mnasema hivyohivyo. Ulimi wa Mkurya na herufi L hawajawahi kusalimiana.

Nikampeleka Tarime mjini kwa mwalimu wa kwaya moja kubwa, mtu wa kuja, Kiswahili kimenyooka kama rula. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia mimi, na dada kasimama palepale: "Sauti anayo. Ulimi hana. Mrudishe akajifunze kutamka."

Tukapanda basi, tukarudi. Mvua zikaja, zikakatika. Siku moja nanyolewa, spika ya kinyozi ikaanza: "Nimetoka mbali, nimeleta habari..." Na mtangazaji anasema mtunzi ni yule yule mwalimu wa kwaya!

Nawaambia, nilitoka na kichwa nusu. Nikampigia mwalimu huyo kwa simu ya kinyozi. Akacheka. "Kijana, una ushahidi?" Ushahidi ulikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa kwenye kabati la mwalimu wa nidhamu. Mwanafunzi akienda kudai simu anapewa viboko, simu inabaki. Nikaenda kwa mtu mzima mmoja mwenye busara zake, akanijibu, "Nyimbo za Mungu hazina mwenyewe." Sawa, mzee wangu. Mbona huu una jina la yule?

Lililoniuma zaidi ni dada. "Mura, kijana wewe, niache," akasema. "Sitatunga tena. Kama wimbo wangu ni mzuri mdomoni mwa mwingine tu, basi mdomo wangu kazi yake ni kura ugari."

Yakafika mahafali ya kidato cha nne shuleni kwetu. Kwaya iliyoalikwa ni ile ile, na mshereheshaji, kwa bahati yao mbaya, ni mimi. Mwalimu wa kwaya akashika maikrofoni: "Wimbo huu nimeutunga kwa maombi, kwa vina kamili."

Nikasema, "Mwalimu, shikamoo. Hebu tughanie kwanza bila kinanda, tufaidi hivyo vina."

Akaghani. Mbali, habari. Kali, shwari. Mali, safari.

Madam wetu wa Kiswahili, mtu wa Tanga, aliyetuhangaisha na herufi L tangu kidato cha kwanza, akaweka soda chini. "Samahani, mwalimu. Li na ri ni kina kimoja?"

"Aa... vinakaribiana."

"Vinakaribiana kwa nani?"

Madam akatugeukia. "Ni kwa nani li na ri ni kitu kimoja?"

Uwanja mzima: "Kwetu!"

Nikamwonyesha mwenye wimbo, naye akamwita dada mbele. Dada akaja, akaimba. Kwenye "mbari" watu walicheka. Kwenye "kari" kicheko kikapungua. Alipofika "safari" wazee walikuwa wanaitikia kwa miguu. Vina vyote vilikaa!

"Mwenye wimbo ni huyu," madam akasema. "Ulimi wake umo ndani."

Mwalimu wa kwaya aliongea mengi, mwisho akakubali mbele ya watu.

Msidhani yameisha. Redioni unapigwa vilevile, jina la dada halimo, na kila nikisikia naudhika upya. Lakini kwaya imekubali kuuimba kama ulivyotungwa. Kila wanapokwenda, mgeni anauliza, "Mbona mnakosea?" Inabidi wajibu, "Ndivyo mtunzi anavyosema." "Mtunzi nani?" Na hapo, wapende wasipende, wanamtaja.

Namshukuru madam, ingawa kwenye insha bado ananikata alama kwa kosa hilo hilo. Nawashukuru mliompigia dada makofi siku ile. Juzi kaniletea wimbo mpya. Na nyie mnaotunga, msiusugue wimbo mpaka harufu ya kwenu itoke. Siku ukiibiwa, harufu hiyo ndiyo itakayokutaja.

Naketi. Na aliyekura karanga zangu nilizoacha kwenye benchi, naye simtaji.