Msasa wa Meno

Benchi la nje ya duka la Kinyozi hujaa asubuhi kabla kiti cha kunyolea hakijapata mteja. Siku hiyo mwenye duka alikuwa ameketi katikati, kikombe cha kahawa mkononi, akikitazama tu. Harusi yake ilikuwa Jumamosi. Ili ang'ae kwenye picha, alikuwa amesugua meno kwa unga wa mkaa na ndimu asubuhi na jioni, na sasa kila kitu cha moto kilimchoma mpaka sikioni. Maumivu angeyavumilia. Alichoogopa ni mchumba wake kumwonea aibu mbele ya ukoo.

— Kunywa bwana, inapoa, — alisema Brashi, fundi rangi, ambaye ndiye aliyemfundisha dawa ile.

— Meno yanauma. Halafu ona, yanazidi kuwa ya njano!

Brashi akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga.

— Hujasugua vya kutosha. Hapo umefikia rangi ya zamani. Piga msasa, nyeupe iko chini.

— Usimpoteze mwenzio, — alidakia Waya, fundi umeme. — Hiyo shoti. Ndimu imekula ganda, waya uko uchi. Afunge utepe.

— Utepe mdomoni? — aliuliza Kinyozi. — Siku ya harusi?

— Mweupe upo.

Benchi zima likacheka, isipokuwa Kinyozi.

— Jana nilikwenda kwa daktari wa meno. Kasema weupe ni lile gamba gumu la nje. Njano ndiyo iko chini. Nimeusugua weupe wenyewe.

Brashi akakohoa kidogo.

— Basi huyo daktari apige rangi mkono wa pili.

— Anaweza kuziba palipolika. Lakini gamba langu halioti tena.

— Aka! Kucha zinaota, nywele zinaota, wewe mwenyewe unakula kwa sababu nywele za watu zinaota. Jino ndilo lilete kiburi?

— Alale miguu juu, — alisema Waya. — Damu ikishuka kichwani, litaota tu.

Hapo mchumba akatokea, suti ya bwana harusi begani, katoka nayo kwa fundi cherehani.

— Mbona umenuna?

Kinyozi akafungua mdomo, akamweleza yote, bila kumficha. Dada wa watu akayatazama yale meno, kisha akawatazama wote watatu.

— Kwani yale ya mwanzo, nani alisema siyapendi?

Brashi akamtazama Waya. Waya akageukia barabarani. Kinyozi akatafuta jina, hata moja tu la kusingizia, akalikosa.